Kila Homa ni Malaria?

Hakuna binadamu anayeishi bila kujumlisha mambo. Wingu likitanda zito upande wa mlimani, unaanua nguo kambani kabla tone la kwanza halijadondoka. Mtoto aliyeunguzwa na jiko la mkaa siku moja hagusi tena jiko lolote, hata lililozimwa tangu jana. Tunachukua machache tuliyoyaona, tunayafanya kanuni, na kanuni hiyo inatuongoza kwa mengi ambayo bado hatujayaona. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mara nyingi methali hii hutumiwa kumcheka mwoga. Mimi naona huyo mtu ana akili timamu. Kuruka bure mbele ya unyasi hakumgharimu kitu. Kutoruka siku ambayo ni nyoka kweli kunaweza kumgharimu maisha.

Kwa hiyo sina ugomvi na kujumlisha. Kinachoniuma ni kanuni inayoendelea kutawala wakati mambo yaliyoizaa yameshabadilika, huku wanaoumizwa nayo wakiwa hawaonekani na mtu. Mfano ninaoujua kwa karibu, na ambao karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki imeuishi, ni ule wa homa na malaria.

Nimekulia bonde la Kilombero, nchini Tanzania, kwenye mashamba ya mpunga, ambako mbu hawakuhitaji kutafutwa. Mwili ukichemka, viungo vikiuma, mdomo ukawa mchungu, jina lilikuwa tayari. Hakuna aliyeuliza hii ni homa ya nini. Klorokwini ilikuwa kabatini, chungu kama shubiri, na kuna waliowashwa nayo mwili mzima usiku kucha wakaapa hawataimeza tena, mpaka homa nyingine ilipowarudisha. Bibi mmoja jirani alikuwa akikuwekea kiganja shingoni, anatulia kidogo, kisha anatoa hukumu: "Malaria hiyo. Mpeni dawa, ale uji, alale." Na watoto wengi walimeza, wakala uji, wakalala, wakaamka wazima.

Wala hii haikuwa imani ya mitaani tu. Kwa miaka mingi miongozo ya Shirika la Afya Duniani yenyewe ilielekeza hivyo: kwenye maeneo yenye malaria nyingi, mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa apewe dawa ya malaria bila kusubiri kipimo. Ukiitazama kwa macho ya wakati ule, ilikuwa kanuni nzuri. Zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na darubini, na zilizokuwa nayo hazikuwa na mtu wa maabara wala umeme wa uhakika. Malaria kali humaliza mtoto ndani ya siku moja au mbili. Klorokwini ilikuwa ya bei ndogo, na ilifanya kazi. Ukimpa dawa asiye na malaria umepoteza vidonge vichache. Ukimnyima mwenye nayo, unaweza kumzika kesho kutwa. Ni hesabu ile ile ya unyasi na nyoka, na naamini kuna watu wazima leo, wenye watoto na wajukuu, ambao wako hai kwa sababu kuna mtu aliipiga hesabu hiyo bila kusita.

Kisha mambo yakabadilika, moja baada ya jingine. Vimelea viliizoea klorokwini, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha, ikahamia SP, ambayo wengi tuliijua kwa jina la Fansidar. Nayo haikukaa sana. Mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ALu, ambayo gharama yake haikuwa ya mzaha tena. Vyandarua vyenye dawa vikagawiwa nchi nzima. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008, kama watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano upande wa Tanzania Bara walikutwa na malaria. Mwaka 2017 walikuwa kama 7. Nyoka walikuwa wanapungua, unyasi umebaki pale pale, na sisi tuliendelea kuruka.

Kilichokuwa kikitendeka chini ya kanuni hiyo kilianza kuonekana watu walipoamua kupima badala ya kukadiria. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuata wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, wakachunguza damu zao upya. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062 tu, yaani hata nusu hawakufika. Jambo ninalotaka ulisome taratibu ni hili: kati ya waliokuwa na malaria kweli, asilimia 7 hivi walifariki. Kati ya wale ambao hawakuwa na malaria, lakini walikuwa wakitibiwa malaria, walifariki asilimia 12. Walikuwa na ugonjwa mwingine, ukawamaliza kitandani, dripu ya kwinini ikiwa inatiririka.

Moshi ni mfano wa pili, nao unaniuma zaidi. Mwaka 2007 na 2008 wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za mji huo walichunguzwa kwa vipimo ambavyo hospitali zetu kwa kawaida hazina. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu. Wagonjwa 118 walikuwa na maradhi yatokanayo na wanyama: ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, ule ambao Watanzania wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022, homa za kupe, brusela, ambayo mtu huipata kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kuzalisha mifugo mikono mitupu. Na 55 walikuwa na chikungunya. Kati ya hao wote wenye maradhi ya wanyama na chikungunya, hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wake ulikuwa umetajwa na daktari alipolazwa, hata kama dhana ya mwisho kabisa kwenye orodha. Chikungunya, jamani! Ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu, uwanda wa Makonde, mwaka 1952, na hata jina lake ni la Kimakonde. Uliwahi kuonwa, ukaandikwa, ukatajwa vitabuni dunia nzima, halafu nyumbani kwake ukafunikwa na neno moja kubwa kuliko yote.

Sasa, madaktari wale hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa wakitumia kanuni iliyokuwa na heshima zake. Swali ambalo nimelifikiria sana ni kwa nini kanuni hiyo haikujirekebisha yenyewe, wakati ilikuwa ikikosea kila siku mbele ya macho ya watu wenye elimu.

Jibu ninaloliona ni kwamba haikuwa na siku ya kukosea. Chukua mtoto mwenye homa ya mafua makali. Amepewa dawa ya malaria leo. Kesho kutwa homa imeshuka, kwa sababu homa za virusi nyingi hushuka zenyewe. Mama anasema dawa imemkubali. Muuza duka la dawa anasema hivyo hivyo, na jirani aliyeshauri anaongezewa sifa. Chukua mtoto wa pili, mwenye bakteria kwenye damu. Amepewa dawa ya malaria, hakupona, amefariki. Kwenye daftari inaandikwa malaria kali, na msibani watu wanaambiana malaria siku hizi imekuwa mbaya. Aliyepona ameithibitisha kanuni, na aliyekufa ameithibitisha pia. Kanuni ya namna hiyo inaweza kuishi miaka hamsini bila kuguswa, kwa kuwa kila kinachotokea kinahesabiwa upande wake.

Nikishaliona hilo kwenye homa, naliona kila mahali tunapozungumza kuhusu watu. Mwenye nyumba anakuambia hapangishi watu wa mkoa fulani kwa sababu hawalipi kodi. Alishawahi kuwa na mmoja akamsumbua. Mmoja! Tangu hapo amewafungia mlango wote, kwa hiyo hataonana kamwe na yule ambaye angelipa kabla ya tarehe. Mpangaji wa kwao mwenyewe akichelewa miezi miwili, anatafutiwa sababu yake binafsi: huyu kapunguzwa kazini, huyu anauguza. Wetu wana sababu, wao wana tabia. Dada wa kazi akivunja uaminifu, maneno yanayosambaa kibarazani ni kwamba wasichana wa kazi siku hizi ni wezi, na huyo ajaye kesho, binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kugusa hata sukari ya mtu, anafika akikuta kabati limeshafungwa kwa kufuli. Ataondoka miaka miwili baadaye bila kuiba chochote, na mwenye nyumba atasema ni kwa sababu ya kufuli.

Kwa homa, angalau, kimekuja kipimo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili maelekezo: kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, mtoto na mtu mzima, kisha ndipo atibiwe. Hilo liliwezekana kwa sababu ya kile kikaseti cha plastiki nyeupe ambacho sasa kipo mpaka zahanati za ndani kabisa, kisichohitaji darubini wala umeme. Nimekaa mara nyingi kwenye mabenchi ya zahanati nikikitazama kinavyofanya kazi. Nesi anafuta kidole kwa spiriti, anakichoma, tone la kwanza analipangusa, la pili analichukua kwa kijimrija na kuliweka kwenye tundu dogo. Kwenye tundu la pili anadondosha matone machache ya dawa yake. Damu inaanza kutambaa kwenye kijikaratasi kama wino kwenye shashi. Wanasubiri kama robo saa. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi, malaria hakuna. Mstari wa pili ukitokea kwenye T, malaria ipo.

Na hapo ndipo nimeona jinsi kanuni ya zamani inavyopigana. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alioneshwa mstari mmoja.

"Mama, mtoto malaria hana."

"Dada, hicho kipimo chenu hakioni. Mtoto huyu namjua mimi. Akichemka hivi ni malaria."

"Imeonesha hana, mama yangu."

"Itakuwa imejificha. Nipe dawa tu, nimetoka mbali."

Sikumwona mbishi. Alikuwa ameuguza watoto wengine kabla ya huyo, na kila homa aliyowahi kuiona ilikuwa na jina moja na mwisho unaojulikana. Anapoambiwa hakuna malaria bila kuambiwa kuna nini, amenyang'anywa jibu, hajapewa jingine. Nesi yule alilielewa hilo. Hakubishana naye. Alimwomba amshushe mtoto, ampakate, amfunue kifua, akatoa simu yake yenye saa ya sekunde na kuanza kuhesabu pumzi, dakika nzima, bila kuzungumza na mtu.

Kuhesabu pumzi nako ni kujumlisha, na ni kujumlisha kwa namna ninayoiheshimu sana. Mwongozo unasema mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya kufikisha mwaka, mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, mtibu nimonia. Wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtu aliyeandika namba hizo hakumjua mtoto huyu wa huyu mama. Lakini kanuni yake imesema inamhusu nani, wa umri gani, mwenye dalili gani, na mstari uko wapi. Unaweza kuipima, na unaweza kuikuta imekosea. Ningependa kauli zetu nyingi za jumla ziwe na adabu hiyo.

Bahati mbaya, nafasi iliyoachwa na malaria haikukaa wazi. Vipimo vilipoanza kutumika, dawa za malaria zilipungua kweli, lakini antibayotiki zikaongezeka, maana mgonjwa haondoki mikono mitupu. Na mitaani yakaingia majina mengine mawili, taifodi na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Uliza watu kumi mjini walioumwa homa mwaka huu. Utashangaa ni wangapi watakuambia wamekutwa na UTI, na mara nyingine vyote viwili, na "wadudu wa malaria wawili" juu yake. Taifodi mara nyingi inatajwa kwa kipimo cha damu kiitwacho Widal, ambacho kinaweza kukuonesha una taifodi kwa sababu tu mwili wako uliwahi kupambana nayo zamani, au ulipambana na kijidudu cha jamii yake. Kwa watoto tuna picha moja nzuri: mwaka 2008, watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara walichunguzwa kwa kina. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja tu hivi kati ya kumi. UTI ilikuwa kwa kama 6 kati ya mia, taifodi kwa kama 4. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi yalikuwa ya virusi, ambayo hayataki dawa ya malaria wala antibayotiki, yanataka maji, chakula, dawa ya kushusha homa na jicho la mzazi. Hao ni watoto, wa miji miwili, wa mwaka mmoja, wasiolazwa. Siwezi kuwabeba nikawaweka juu ya mtu mzima wa Mwanza leo. Lakini wananitosha kuuliza, kila nikisikia UTI ya nne kwa mwaka kwa mtu yule yule: mkojo wako ulioteshwa maabara kuona kama kuna bakteria, au uliangaliwa tu?

Kuna jumla ya namna nyingine ambayo huja imevaa suti, nayo ni wastani. Ile 7 ya kitaifa ya mwaka 2017 ni hesabu halali, ila ukiitafuta kwenye mikoa utapata shida kuiona. Kigoma mwaka huo watoto 24 kati ya mia walikuwa na malaria. Geita 17, Kagera 15. Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Njombe hawakufika hata 1. Mganga wa Kigoma anayeshtuka kila akiona homa ana haki ya kushtuka, naye wa Moshi anayefikiria kwanza panya, kupe na maziwa mabichi yuko sahihi vile vile, na wote wawili wanafanya kazi katika nchi moja, chini ya wizara moja. Wakibadilishana vituo vya kazi bila kubadilishana mazoea, watu watakufa.

Hilo la mwisho silisemi kwa kutia chumvi. Malaria inapopungua mahali, kosa linageuka upande. Linaanza kusikika neno "huku kwetu malaria hakuna." Mfanyabiashara wa Njombe amekwenda Kasulu, mkoani Kigoma, kununua maharage, amelala nyumba ya wageni bila chandarua, amerudi, siku ya kumi anatetemeka. Akifika kituoni akaambiwa ni baridi ya Njombe, yuko hatarini kuliko mtoto wa Kigoma mwenye homa ile ile, kwa kuwa mwili wa mtu aliyekulia penye baridi haujawahi kuzoeana na vimelea. Huko Ulaya huwatokea ndugu zetu waliokuja likizo ya Desemba: homa inawakuta wakiwa wamesharudi, na mtu wa kwanza kuwaona anafikiria mafua ya msimu.

Zanzibar wamekuwa wakiishi na tatizo hilo kwa miaka mingi, kwa kuwa maambukizi yao yalishuka chini ya asilimia 1 na mengi ya yaliyobaki yanakuja na wasafiri kutoka bara. Mgonjwa mmoja akithibitika kituoni, taarifa yake inatumwa kwa simu, na ofisa wa malaria wa wilaya anafunga safari mpaka nyumbani kwake. Anabisha hodi, anakaribishwa, anaeleza kilichomleta. Kisha anapima waliomo ndani, mmoja mmoja, hata asiyeumwa, na kuuliza: nani amesafiri hivi karibuni, alikwenda wapi, alilala wapi, chandarua kilikuwepo?